Moto Usiingie Msituni

Barafu ya Kilimanjaro inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12; kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Habari hiyo imeandikwa, imepigwa picha na kusomwa mikutanoni mpaka watoto wa shule wanaijua kichwani. Kila inapotajwa tunatikisa vichwa, tunasikitika, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Tumesikitika vya kutosha. Muda wote huo macho yetu yakiwa kileleni, msitu ulio chini ya barafu umekuwa ukiungua, na maji tunayokunywa yanatoka kwenye msitu huo.

Hilo la mwisho lirudiwe, kwa sababu wengi wetu tumekua tukiamini vingine. Mwulize mtu wa Moshi maji ya mto Karanga au Weruweru yanatoka wapi, naye atakunyooshea kidole kilele cheupe. Inapendeza kusikia, ila si kweli. Kule juu, karibu na mita 5,895, mvua na theluji ya mwaka mzima ni haba, pungufu ya milimita 200. Hewa ni kavu na jua ni kali, hivyo barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Kile kidogo kinachoyeyuka, sehemu yake hunywewa na mchanga wa volkano kabla hakijafika popote. Sasa shuka mpaka kwenye mita 2,200 hivi, upande wa kusini, juu ya Machame, Kibosho na Marangu. Hapo kwenye msitu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chemchemi zetu na mito yetu inaanzia hapo.

Barafu yote ikitoweka kesho, mito haitakauka kwa sababu hiyo. Msitu ukitoweka, itakauka.

Hakuna hapa anayebisha kwamba dunia inapata joto. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa tangu enzi ya viwanda ianze vimepandisha hewa ukaa angani kutoka sehemu kama 280 katika kila sehemu milioni hadi zaidi ya 420. Mwaka 2024 ndio uliokuwa wa joto kuliko miaka yote tangu vipimo vianze kuwekwa. Bahari ya Hindi nayo imepata joto, na mvua zetu hutegemea bahari hiyo. Vuli ya 2019 ilituletea mafuriko. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya maana katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia, na wafugaji wa Longido na Simanjiro nao wakahesabu mizoga. Mkulima aliyezoea kupanda kwa kuangalia kalenda leo anapanda kwa kubahatisha.

Hewa ya mlima wenyewe ilianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19, na joto la sasa halijaupa nafasi ya kupona. Wapo wanaokumbuka kwamba mwaka 2002 mtafiti Lonnie Thompson wa Marekani alisema barafu hiyo huenda ikaisha kati ya 2015 na 2020, na kwa kuwa bado ipo, wanasema wataalamu wanatutia hofu bure. Hawajaona mbali. Makadirio yalikosea miaka, mwelekeo haukukosea. Barafu iliyobaki imemegeka vipande vipande, na kila anayepanda mlima baada ya miaka kumi anaona tofauti kwa macho yake.

Lakini tukiri hili pia: barafu ile hatuwezi kuiokoa sisi. Hata tukizima kila gari na kila jiko kati ya Tanga na Kigoma, haitarudi. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayotoka duniani. Nchi zilizochuma utajiri kwa makaa ya mawe zina deni, tena kubwa, na tutaendelea kulidai katika kila mkutano. Kulidai ni haki yetu. Kukaa tukisubiri lilipwe huku msitu unaungua ni jambo lingine kabisa. Ni sawa na kumlilia mzee aliyepeperushiwa kofia na upepo ilhali shati lake mwilini linawaka moto.

Turudi msituni, maana ndiko kwenye jambo.

Juu ya miti mikubwa ya mikulo na mipodo, kuanzia kama mita 2,800 kwenda juu, kuna msitu ambao watalii wengi huupita wakiwa na haraka ya kufika kileleni. Ni msitu wa miti ya erika. Majani yake ni membamba na madogo sana, matawi yamejaa kuvu na nyuzi za kijivu zinazoning'inia. Kwa anayetafuta mbao hauna thamani. Ila simama chini ya mti mmoja asubuhi, ukungu unapopanda kutoka bondeni. Mvua hainyeshi, na ukienda uwanda wa wazi hatua chache tu kutoka hapo nguo zako hazilowi. Chini ya mti unalowa. Ukungu unapita katikati ya vile vijani elfu na elfu, unanasa, unakuwa matone, matone yanashuka kwenye nyuzi, yanadondoka ardhini kwenye mboji nene inayoyahifadhi na kuyaachia polepole. Mti unakamua maji kutoka hewani, tena kiangazi, wakati ambao mvua hakuna na tunayahitaji zaidi.

Ukikata au kuchoma mti huo, ukungu unapita juu ya nyasi na vichaka na kwenda zake. Maji yale hayakuhamia kwingine. Hayakupatikana tu.

Mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ametumia miaka mingi akipanda na kushuka mlima huu akihesabu mimea. Hesabu zake zinapaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya maji kuanzia Moshi hadi Pangani. Tangu mwaka 1976 moto umeteketeza karibu kilomita za mraba 150 za msitu wa Kilimanjaro, sehemu kubwa ikiwa msitu huo wa erika. Maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo ameyakadiria kuwa mita za ujazo milioni 20 kila mwaka, kiasi kinacholingana na mahitaji ya maji ya watu milioni 1 wanaoishi mlimani. Hasara ya barafu, kwa upande wa maji, haikaribii hapo.

Hapa pana jambo linalopaswa kumshtua yeyote mwenye akili zake. Dunia ikipata joto, miti ya milimani hutarajiwa kupanda juu kufuata ubaridi. Ndivyo inavyotokea kwenye milima mingi duniani. Kilimanjaro imekwenda kinyume: mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Joto na ukame hukausha mimea ya juu, moto unapita, miti inakufa, vichaka vinavyopenda moto vinashika nafasi yake, na kiangazi kinachofuata vichaka hivyo vinawaka upesi zaidi. Chini nako mashamba na misumeno inausukuma msitu kupanda. Umebanwa juu na chini.

Wanaokaa ndani yake wamebanwa nao. Mbega mweupe hawezi kuishi kwenye vichaka vya juu, wala hawezi kuvuka mashamba ya mahindi kwenda mlima mwingine. Kuna ua dogo jekundu, aina ya maua yanayomea kwenye kivuli chenye unyevu karibu na vijito, ambalo limepewa jina la mlima huu na halioti kwingine duniani. Kivuli kikiondoka, nalo basi. Tembo wanaotoka Amboseli kuja msituni hupita ushoroba mwembamba wa Kitendeni, na ushoroba huo umezungukwa na mashamba kila upande. Watu husema wanyama watahama. Tunawauliza: wahamie wapi?

Moto huo unatoka wapi? Radi ni mara chache. Mara nyingi ni mkono wa mtu. Mrina asali anakwea usiku na kienge cha majani makavu, anafukuza nyuki, anashuka na asali yake, cheche zinabaki kwenye mboji. Jangili anachoma ili nyasi changa zimletee wanyama. Mchoma mkaa anafukia tanuri vibaya. Mkulima wa pembezoni anasafisha shamba Septemba, upepo unageuka. Na kuna shughuli za kupandisha wageni, zenye kupikia na kuotea moto katika mwinuko ambao kila kitu ni kikavu.

Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, wanakopumzika wageni kati ya kambi ya Mandara na Horombo. Usiku ulionekana kutoka mbali, mstari mwekundu ukutani mwa mlima. Wanavijiji, askari wa hifadhi na wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka walipanda kwa miguu kupambana nao, wengi wao wakiupiga kwa matawi ya miti. Wanastahili heshima yetu yote. Ulichukua zaidi ya wiki, kwa sababu moto wa erika haubaki juu tu. Hushuka kwenye mboji na mizizi, hufuka chini kwa chini, ukidhani umezima kumbe unakwenda kuibukia mita hamsini mbele. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Kabla ya hapo kulikuwa na ule wa 1996 na 1997. Msimu wa ukame ni ule ule, mlima ni ule ule, na kila mara tunashtuka kana kwamba hatujawahi kuuona.

Msimu wa moto unajulikana. Mahali pa moto panajulikana. Wenye kuuwasha wanajulikana kwa kazi zao. Kwa nini basi maandalizi hufanyika moto ukishawaka?

Tumezisikia sababu. Ya kwanza ni kwamba fedha hazipo. Kilimanjaro ni moja ya hifadhi zinazoingiza fedha nyingi zaidi nchini. Makumi ya maelfu ya wageni huupanda kila mwaka, na kila mmoja hulipa mamia ya dola kwa ada za hifadhi pekee kabla hajamlipa mpagazi wala mwongozaji. Mlima unaoingiza fedha kiasi hicho unaweza kuwalipa watu wa kuulinda usiungue. Mapato hayo yote yanategemea mlima wenye msitu. Mgeni haji kuona majivu.

Sababu ya pili ni kuwalaumu wanavijiji, kwamba hawaelewi. Wanaelewa kuliko wanavyodhaniwa. Wachagga walichimba mifereji ya mifongo karne nyingi zilizopita, wakayatoa maji msituni na kuyapitisha kwenye kingo za mabonde hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na zamu zake, na faini zake. Asiyejitokeza siku ya kusafisha mfongo hakupata maji. Watu wenye utaratibu kama huo hawahitaji semina ya kuambiwa kwamba msitu ni maji. Wanachohitaji ni kuhesabiwa kuwa wenye mali.

Na hapo pana kosa letu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu ili jirani apate kuni, majani ya ng'ombe na mbao bila kuingia ndani. Ukanda huo uliangaliwa vizuri miaka ya mwanzo, kisha ukaachiwa kila mtu afanye atakavyo, ukakwanguliwa. Mwaka 2005 msitu wote ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa. Kwa ulinzi wa miti mikubwa ilikuwa hatua sahihi, na misumeno imepungua. Lakini mama aliyekuwa akikata majani pale tangu utoto wake sasa anaingia akijificha. Mtu anayeingia akijificha, akiona moshi hapigi simu. Anakimbia, kwa sababu wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuchosha zaidi: tumepanda miti. Kila Juni 5, Siku ya Mazingira, viongozi hushika majembe, picha hupigwa, miche hufukiwa. Juni masika yameshapita. Mche uliopandwa kwenye mlango wa kiangazi na kuachwa bila wa kuumwagilia, Agosti umeshakufa. Mara nyingi mche wenyewe ni mkaratusi, mti unaokunywa maji kwa pupa, umepandwa jirani na chemchemi. Hatusemi tusipande. Tupande mikulo na miti mingine ya asili kwenye nusu maili na kingo za mito, Machi na Novemba, na kila mti upewe jina la aliyeupanda, naye aulee. Ila msitu wa erika kule juu hauhitaji kupandwa na mtu. Mbegu zipo, ukungu upo. Ukikaa miaka ya kutosha bila kuunguzwa, unarudi wenyewe. Kazi yetu ni kutouchoma.

Dawa ni hiyo, na haihitaji mkutano wa kimataifa. Moto usiingie msituni.

Namna ya kufanya inajulikana. Waajiriwe walinzi wa moto kutoka vijiji vinavyopakana na msitu, vijana wenye miguu ya mlimani, walipwe kuanzia Julai hadi mvua za vuli zitakapotulia, na tena Januari na Februari. Wawe na redio, mapanga, pampu za mgongoni na buti. Wapewe njia za kuzuia moto zilizofyekwa kabla ya ukame, zisiwe zimeota nyasi hadi kifuani. Wakiwa watano juu dakika ambayo moto ni wa ukubwa wa meza, hapatahitajika mamia ya watu siku ya nne.

Warina asali wasifukuzwe, wabadilishiwe kazi. Mzinga wa kisasa na bomba la moshi gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya kuzima moto, na mizinga iwekwe kwenye ukanda wa nusu maili, ulio karibu na nyumba. Nyuki wanahitaji msitu wenye maua, hivyo mwenye mizinga ishirini pembezoni atakuwa mlinzi bila kuandikiwa barua.

Kwenye njia za kupandia mlima, moto wa kuni na wa kuotea usiwepo kabisa, hata kwa wapagazi. Lakini tusimkataze mpagazi kuota moto huku tukimwacha alale kwenye baridi ya mita 4,000 na koti la mtumba na chakula cha baridi. Kampuni inayompandisha mgeni kwa maelfu ya dola impe mpagazi jiko la gesi, hema linalofunga na nguo za kumtosha. Ikikutwa haijampa, leseni isimamishwe. Huo ndio uzimaji moto wa bei nafuu kuliko wote.

Na majikoni kwetu nako kuna la kufanya. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Basi lianzie vijiji vinavyopakana na misitu ya maji: Kilimanjaro, Meru, Usambara, Uluguru. Mtungi wa gesi unaogawiwa kwenye mkutano wa hadhara mjini, kwa mtu aliyekwisha kuwa na jiko la gesi, haujaokoa hata mti mmoja. Na usiishie kwenye mtungi wa kwanza. Gesi ikiisha, mama wa Rombo aweze kujaza kwa bei anayoimudu, la sivyo mtungi utakuwa kiti na yeye atarudi msituni.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya Wachagga. Fuateni mto. Maji ya mlima yanakutana na yale ya Meru kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakwenda Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ile ya maporomoko ya Pangani, yanamwagilia mpunga na mboga njiani, kisha yanaingia baharini mjini Pangani. Mto ukipungua nguvu, bahari inaingia. Wakulima wa karibu na mdomo wa mto wanajua maji ya chumvi yanapopanda hadi kwenye minazi na migomba yao. Vuka mpaka: mabwawa ya Amboseli wanakoogelea tembo wakati nchi yote ni vumbi yanalishwa na maji yaliyopita chini ya ardhi kutoka mlima huu huu. Taveta wanayanywa, Loitokitok wanayanywa. Kiberiti kimoja msituni juu ya Marangu ni habari ya watu wasiowahi kuliona lango la hifadhi.

Ndiyo maana tunasema ulinzi huu usiachwe mikononi mwa hifadhi peke yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inatoza ada kwa wanaotumia maji ya mto. Kiwanda cha sukari kinatumia, mashamba makubwa ya maua na kahawa yanatumia, umeme unatumia. Sehemu ya ada hiyo, ijulikane ni kiasi gani, ipande mlimani ikamlipe mlinzi wa moto. Anayekunywa mwisho wa mto amlipe anayelinda mwanzo wake. Wazee wa mfongo walilijua hili zamani: asiyesafisha hapati zamu.

Kwa nini hatufanyi? Kwa sababu moto uliozuiwa hauonekani. Hakuna waziri aliyewahi kupigwa picha mbele ya moto ambao haukuwaka. Moto ukishakuwa mkubwa, helikopta huitwa, magari hujipanga, hotuba hutolewa, na fedha ambazo Julai hazikuwepo Oktoba zinapatikana. Wakuu wa mikoa na wahifadhi wapimwe kwa ekari ambazo hazikuungua. Kila Desemba itangazwe: mwaka huu msitu umeungua kiasi gani, upande upi, chanzo nini, na nani aliwajibika. Tukiwa na tangazo hilo mezani mwaka hadi mwaka, visingizio vitapungua vyenyewe.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ukiwa unasafisha shamba karibu na msitu, usichome Agosti wala Septemba. Lundika majani yaoze, yatakurudishia rutuba. Ukinunua asali ya mlimani, muulize muuzaji imerinwaje. Ukipanda mlima au ukipandisha wageni, kagua kambi kabla hujaondoka. Ukiona moshi, piga simu kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa lango la hifadhi lililo karibu nawe, na viongozi wahakikishe anayepiga hakamatwi kwa kupiga.

Bajeti hupitishwa Juni, na mlima huanza kukauka Julai. Wabunge wa Kilimanjaro, Manyara na Tanga wasimame bungeni kabla ya hapo na kuuliza mambo matatu: walinzi wangapi wa moto watakuwa mlimani kiangazi hiki, wamelipwa mpaka mwezi gani, na njia za kuzuia moto zimefyekwa kilomita ngapi. Wakijibiwa kwa ahadi badala ya tarakimu, wasipitishe fungu hilo mpaka tarakimu zije.